Harriet Powers: mama aliyeuza blanketi yake dola 5 akiwa na uchungu

Kila mutu anayepita kwenye atelie za kushona hapa Lubondja, ao kule Baraka na Fizi-centre, anajua ile takataka ya rangi inayobaki chini ya meza ya fundi. Ni vipande vya kikwembe: kimoja kikubwa kama kiganja, kingine kama kidole, kingine chenye pembe tatu kilichobaki kisha kukata shingo ya blauzi. Jioni vinafagiliwa. Vingine vinawashia moto, vingine wanapewa watoto washonee mipira ya kuchezea. Wachache tu ndio wanaviweka kwenye mufuko, na siku moja wanaviunga pamoja ili kupata kifuniko cha kitanda ao kitambaa cha kubebea mutoto.

Leo tunawaletea maisha ya mama mumoja aliyekuwa anaweka vipande vile. Aliitwa Harriet Powers. Hakuwa wa hapa kwetu. Alizaliwa Marekani, na babu zake walitolewa Afrika kwa nguvu. Amekufa zaidi ya miaka mia moja sasa, lakini kazi ya mikono yake inalindwa leo kwenye majumba makubwa mawili ya makumbusho. Yeye mwenyewe alikufa bila kujua hayo.

Harriet alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na muji wa Athens, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mutumwa. Maana yake, tangu siku ile ya kwanza alihesabiwa kama mali ya bwana wa shamba, sawa na ng'ombe ao jembe. Georgia ilikuwa inchi ya pamba. Watu weusi ndio waliolima, ndio waliovuna, na ndani ya nyumba za mabwana ndio walioshona mashuka na nguo. Wanawake wengi walijifunza sindano namna hiyo, kwa kazi ya lazima. Kisha, usiku, walichukua vipande vilivyobaki wakashonea watoto wao vya kujifunika, juu kule Georgia miezi ya Desemba na Januari baridi inauma kweli.

Mwaka wa 1855, akiwa na miaka 18, akaolewa na Armstead Powers. Walizaa watoto wengi. Wanaofuata habari zake wanahesabu karibu tisa. Mwaka wa 1865, kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe, utumwa ukakomeshwa Marekani. Harriet alikuwa na miaka 28. Yeye na mume wake wakatoka katika utumwa bila shamba na bila akiba. Waliendelea na kazi ya kulima, na polepole, katika miaka ya 1880, wakafikia kupata kipande chao cha udongo, ekari 4 hivi. Kwa watu waliozaliwa wakihesabiwa kuwa mali, kuwa na udongo wenye jina lao halikuwa jambo dogo.

Sasa tuje kwenye kazi yake ya sindano. Watu wengi wanamujua Harriet kwa blanketi zake mbili zenye picha, na tutazifikia. Lakini kuna kazi nyingine haionekani tena leo, na inafaa mafundi wetu waisikie. Katika barua yake ya mwaka wa 1896 alieleza kwamba mwaka wa 1872 alishona blanketi ya viraka yenye vipande 4,050 vya umbo la almasi. Vipande elfu nne na makumi tano, kwa blanketi moja!

Almasi ni umbo gani? Chukua pembetatu mbili zenye pande zote sawa, uzikutanishe kitako kwa kitako: umepata almasi. Ukikutanisha almasi sita za namna hiyo ncha kwa ncha, unapata nyota yenye miale sita. Ukichukua almasi nyembamba zaidi, nane, unapata nyota ya miale minane. Harriet alizijua pia nyota: mwaka wa 1887 alipeleka blanketi yake ya nyota kwenye maonyesho ya watu weusi pale Athens.

Tufanye hesabu kidogo. Kama mama anashona vipande 10 kila siku, kisha shamba, kisha kupika, kisha kulaza watoto, atahitaji siku 405 kumaliza 4,050. Ni zaidi ya mwaka muzima, bila kupumzika hata Siku ya Mungu. Na hapo hatujahesabu siku za kukata.

Tena kukata ndiko kugumu. Fundi yeyote atakuambia kwamba kipande cha pembe nne kinasamehe, lakini pembetatu haisamehe. Sababu ni hii: kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Ukikata kwa kufuata uzi, ukingo unakaa imara. Ukikata kwa mushazari, ukingo unakuwa kama mpira. Ukiuvuta kidogo tu, unarefuka na haurudi. Pembetatu daima ina ukingo mumoja ao miwili ya mushazari. Ndiyo maana mafundi wenye kujua wanaweka upande mumoja wa pembetatu sawasawa na uzi wa kitambaa, wanaushika polepole bila kuuvuta, na wakati wa kupiga pasi wanakandamiza tu, hawasukumi.

Siku hizi, kwenye inchi ambako kazi hii imekuwa biashara, wako na rula yake maalum, lati ya plastiki inayopitisha mwangaza, yenye umbo la pembetatu na mistari iliyopimwa. Fundi anakata kwanza ukanda murefu wa kitambaa. Kisha anaweka rula juu ya ukanda, ncha ikitazama juu, anapitisha kisu cha gurudumu. Halafu anageuza rula, ncha ikitazama chini, anakata tena. Juu, chini, juu, chini: ukanda muzima unaisha bila kupoteza kipande. Kile kisu cha gurudumu kilitoka Japani mwaka wa 1979. Rula nyingi za namna hiyo zina ncha iliyokatwa kidogo, juu ncha ile ingekuwa ziada tu wakati wa kuunga, na ikikatwa mapema, vipande viwili vinakaa sawa kabisa kabla ya sindano kuingia.

Wakati wa Harriet hakukuwa na hiyo yote. Mafundi wa zamani zile walitumia kielelezo cha karatasi ngumu ao cha bati, wakachora kwa penseli ao kwa chaki, wakakata kwa makasi, kimoja kimoja. Hata sisi tunaweza kufanya hivyo leo: kipande cha karton ya biskuti, rula ya mwanafunzi na ile kifaa cha kupimia pembe kilicho ndani ya kopo la hesabu la watoto. Digrii 60 kila kona, na kazi inaanza. Ila kielelezo cha karton kinalika kando kadiri unavyochora, ndiyo maana inafaa kutengeneza vitatu ao vinne vya akiba vyenye kipimo kimoja. Na usisahau kuongeza nafasi ya mushono pande zote, karibu milimita 6, upana uleule kwa kila kipande. Ukikosea milimita moja tu kwa kila mushono, kwenye mustari wa vipande 60 umekwisha kukosea karibu sentimita 6, na blanketi haitakaa tena sawa kitandani.

Kwa kikwembe kuna maneno mawili ya kuongeza. Kwanza, fua vipande na kuvianika kabla ya kukata, juu kingine kinapunguka na kingine kinatoa rangi. Pili, angalia maua yake: kama yanatazama upande mumoja, ile pembetatu ya pili itakuwa na maua yanayosimama kichwa chini. Wengine wanapenda hivyo. Lakini amua kabla, usishangae kisha.

Turudi kwa Mama Harriet. Mwaka wa 1886 kulikuwa maonyesho ya pamba pale Athens. Wakulima walileta mazao, na akina mama walileta kazi za mikono. Harriet alileta blanketi ambayo watu hawakuwa wamezoea kuiona. Hakuunga vipande kwa mistari tu. Alikata maumbo ya watu, wanyama, nyota na jua, akayabandika kwa kushona juu ya kitambaa, yakatoa habari za Biblia. Ilikuwa na sehemu 11: Adamu na Eva na nyoka, Kaini akimuua Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vipande 30 vya feza, meza ya mwisho, musalaba, na nyingine. Alishona kwa mukono na pia kwa mashine.

Mama mumoja mzungu, Jennie Smith, msanii na mwalimu wa kuchora katika shule ya wasichana pale Athens, akaiona. Akasimama. Akatafuta mwenyewe ni nani mpaka akamupata Harriet nyumbani kwake, akataka kuinunua. Harriet akakataa. Hakuwa anaiuza kwa bei yoyote.

Miaka ikapita. Bei ya pamba ikaanguka, na anayeishi kwa pamba akaanguka nayo. Karibu mwaka wa 1890, Harriet akatuma habari kwamba sasa yuko tayari kuuza. Lakini wakati huo Jennie Smith mwenyewe hakuwa na feza, na neno likakaa. Mwaka uliofuata ndipo Jennie akamuitisha. Harriet akafika juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe, blanketi ikiwa mapajani, imefungwa katika mufuko safi wa unga, na juu yake gunia lingine ili vumbi la njia lisiiguse.

Aliomba dola 10. Akaambiwa kwamba kuna dola 5 tu. Akatoka inje kwenda kuongea na mume wake, kisha akarudi akakubali, kwa kuwa nyumbani hali ilikuwa mbaya. Kabla ya kuiacha, akaieleza sehemu moja moja: huyu ni nani, ile nyota maana yake nini, kwa nini rangi hii. Jennie akaandika maelezo hayo. Na akamuahidi Harriet kwamba atamuwekea vipande vya vitambaa vyake vinavyobaki. Kisha pale, Harriet alirudi mara kadhaa kwenye nyumba ile kuitazama tu blanketi yake.

Tunaomba tusimame hapa kidogo. Wasomaji wetu wengi wanajua jambo hili bila kuelezwa. Wanaotoka Fizi waliokimbia mwaka wa 1996 na kuvuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, walioishi Lugufu ao Nyarugusu, na hata wanaokimbia kutoka kijiji kimoja hadi kingine miaka hii, wanajua kuuza kitu kisichouzwa. Mashine ya kushona ya mama. Kikwembe cha harusi. Mbuzi ya mwisho. Anayenunua anajua unashindwa, na bei inashuka. Si kwamba kila anayenunua ni mubaya. Jennie Smith aliipenda kazi ile kwa kweli na aliilinda maisha yake yote. Lakini dola 5 ilikuwa bei ya njaa, haikuwa bei ya kazi. Kukubali yote mawili ni vigumu, ila ndivyo ilivyokuwa.

Maisha ya nyumbani yaliendelea kuwa magumu. Katika miaka ya 1890 lile shamba likaanza kuuzwa kipande kwa kipande, na ndoa pia ikalegea: Armstead akaondoka. Harriet akabaki akijitegemea, na inaonekana sindano ilimusaidia kuishi.

Mwaka wa 1895 muji wa Atlanta ulifanya maonyesho makubwa ya kimataifa ya majimbo ya pamba. Ni yale ambayo Booker T. Washington, mutu mweusi aliyezaliwa pia mutumwa, alitolea hotuba yake maarufu siku ya kufunguliwa, tarehe 18 Septemba. Kulikuwa jengo la kazi za watu weusi, na blanketi ya Harriet ilionyeshwa huko. Watu wengi wakaiona.

Kisha ikatoka blanketi ya pili tunayoijua. Mwaka wa 1898, wake wa walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, chuo cha watu weusi, waliitoa kama zawadi kwa mchungaji Charles Cuthbert Hall wa New York, aliyekuwa kiongozi katika baraza la chuo hicho. Hii ina sehemu 15, upana wa sentimita 175 na urefu wa karibu sentimita 267. Humo Harriet hakuweka Biblia peke yake. Aliingiza pia habari za mbinguni na za dunia ambazo watu walipokezana kwa mudomo. Kuna siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, jua lilipofichwa mchana. Kuna usiku wa Novemba 1833, nyota ziliponyesha kama mvua na watu wakafikiri dunia inakwisha. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya yeye kuzaliwa. Aliisikia kwa wazee. Kuna baridi kali ya Februari 1895, iliyogandisha watu na wanyama. Na kuna nguruwe jike mumoja aliyeitwa Betts, ambaye kwa masimulizi alikimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia.

Wanaochunguza vitambaa wamejiuliza sana: huyu mama alitoa wapi namna hii ya kukata maumbo na kuyashonea juu? Wengine wanatazama Abomey, katika Benin ya leo, ambako mafundi wa wafalme walishona picha za wanyama na vita namna hiyohiyo. Wengine wanatazama upande wa Kongo, kwenye jua na misalaba ya Wakongo wa kule bahari. Na kwetu pia, Wakuba wa Kasai wana sketi ndefu za rafia zenye vipande vilivyobandikwa. Vingine vilianza kama viraka vya kufunika matundu, kisha vikawa pambo. Hakuna karatasi inayothibitisha kwamba mikono ya Harriet ilirithi hayo. Lakini anayetazama, macho yake yanaona undugu.

Kwa miaka mingi watu waliandika kwamba Harriet hakujua kusoma. Walimufanya kuwa mama mujinga mwenye kipaji tu. Ile barua ya 1896 ilipofahamika, kupitia kitabu cha mtafiti Kyra Hicks cha mwaka wa 2009, neno hilo likaanguka. Alijua kusoma na kuandika, ijapokuwa alikulia katika jimbo ambako sheria ilikataza kufundisha watumwa. Alihesabu vipande vyake, akaweka miaka ya kazi zake, akataja pia blanketi nyingine alizoshona ambazo leo hatuzioni. Alijua anachofanya.

Harriet alifariki tarehe 1 Januari 1910, akiwa na miaka 72, akazikwa katika makaburi ya Gospel Pilgrim, makaburi ya watu weusi pale Athens. Kaburi likafunikwa na majani, na watu wakasahau mahali. Hata mwaka wa kufa kwake ulikuwa unaandikwa vibaya vitabuni, mpaka jiwe lake lilipopatikana mwaka wa 2005.

Blanketi zake zikaendelea na safari bila yeye. Ile ya picha iliingia makumbusho ya sanaa ya Boston mwaka wa 1964. Ile ya Biblia, Jennie Smith aliishika mpaka kufa kwake mwaka wa 1946, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikafika kwenye makumbusho ya taifa ya Smithsonian, Washington. Mwaka wa 2021 ndipo zote mbili zilipotundikwa pamoja kwa mara ya kwanza, pale Boston. Watu walilipa tiketi kuingia kuziona.

Tunaandika haya si kwa kusema kwamba kila kifuniko cha viraka cha Lubondja kitafika makumbusho. Tunaandika juu ya maneno matatu ambayo mama huyu anatuachia. La kwanza: aliweka hesabu ya kazi yake. Fundi, shona jina lako na mwaka kwenye kona, hata kwa uzi wa rangi ileile. La pili: alipolazimika kuuza, aliuza pamoja na maelezo, na ndiyo maana leo tunajua kila picha inasema nini. Mama mwenye kujua habari za zamani za kijiji, azieleze kwa mutu anayeweza kuandika. La tatu ni letu sisi tunaonunua: tunapobisha bei ya kitambaa kwenye soko, tukumbuke kwamba wakati mwingine anayetuuzia anatuachia kitu ambacho atarudi kukitazama.

Na vile vipande vya chini ya meza, tafadhali, kabla ya kuvifagia, viangalie tena.